Jinsi kutoelewana kwa rubani na mnara kunavyohatarisha ndege

Na MWANDISHI WETU

ABIRIA anayepanda ndege katika uwanja wa Ukunda, Diani, huona mengi lakini husikia machache. Huiona bahari upande mmoja na vilima vya Shimba upande wa pili, huona rubani akibonyeza swichi na kusogeza midomo, kisha ndege hupaa. Mazungumzo yaliyotangulia kupaa huko, na yale yatakayoendelea hadi magurudumu yaguse ardhi tena, hayamfikii.

Mazungumzo hayo ni mafupi mno. Aghalabu sentensi moja haizidi sekunde tano. Hata hivyo, historia ya usafiri wa anga imejaa visa ambapo sekunde hizo tano ziliamua nani afike na nani asifike, na baadhi ya visa hivyo vilitokea hapa kwetu.

Wakazi wa Kwale hawahitaji kukumbushwa asubuhi ya Oktoba 28, 2025. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan yenye nambari ya usajili 5Y-CCA iliondoka Diani kuelekea Kichwa Tembo, Maasai Mara, ikaanguka eneo la Tsimba Golini. Watu wote 11 waliokuwemo waliaga dunia: watalii wanane kutoka Hungary, wawili kutoka Ujerumani, na rubani Mkenya.

Shirika la Utangazaji la KBC liliripoti wakati huo, likinukuu maafisa wa uchukuzi, kwamba baada ya kupaa rubani hakuwasiliana na kituo cha kuongozea ndege, na kwamba waongozaji walijaribu kumpata kwa muda wa nusu saa kabla ya ndege kugunduliwa ilipoangukia.

Ni muhimu msomaji asiharakishe kufasiri ukimya huo. Kunyamaza kwa rubani si chanzo cha ajali. Mara nyingi ni dalili tu. Tangu siku ya kwanza ya mafunzo, rubani hufunzwa mpangilio wa mambo matatu usiobadilika: kwanza irushe ndege, pili ijue iendako, tatu ndipo uzungumze. Anayepambana na ndege iliyomshinda, au aliyejikuta ghafla ndani ya wingu zito, hana mkono wa kushikia kipaza sauti. Kazi ya kutafuta chanzo ni ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege (AAID), na si ya magazeti wala ya mabaraza ya mitandaoni.

Lakini kisa hicho kilizaa mfano mwingine wa kutoelewana, na huu ulitokea ardhini, miongoni mwetu sisi tunaoandika habari. Taarifa ya kwanza ya Mamlaka ya Kusimamia Safari za Ndege (KCAA) ilisema ndege hiyo ilianguka yapata saa 0530Z. Vyombo kadhaa vya habari, vikiwemo vya kimataifa, vikaandika kwamba ajali ilitokea saa kumi na moja unusu alfajiri. Haikuwa alfajiri. Herufi Z katika lugha ya marubani humaanisha saa ya dunia, ile inayohesabiwa kutoka Greenwich, Uingereza, na Kenya imetangulia kwa saa tatu. Ilikuwa saa mbili unusu asubuhi, jua limekwisha kupanda.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wa ziada hapa. Saa ile ile moja, rubani ataiita 0530, saa ya mkononi itaonyesha 8:30, na mama wa Ukunda ataiita saa mbili unusu. Tano, nane na mbili, zote zikimaanisha wakati mmoja. Ndiyo maana angani hairuhusiwi kuwa na saa tatu. Ndege zote duniani, ziwe juu ya Msambweni au juu ya Siberia, hutumia saa moja tu, hiyo yenye Z. Hatari huanza pale habari inapotoka mikononi mwa wataalamu na kuwafikia wengine bila kufasiriwa.

Tukirudi kwenye mazungumzo yenyewe, kisa kinachostahili kujulikana zaidi na Wakenya ni kimoja ambacho wengi hawajapata kukisikia, pengine kwa sababu hakuna aliyekufa.

Mnamo Septemba 3, 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikikaribia Nairobi. Uwanja wa Embakasi, ambao baadaye ulipewa jina la Jomo Kenyatta, uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Mwongozaji aliiruhusu ndege ishuke hadi futi 7,500, akiitamka nambari hiyo tarakimu kwa tarakimu: saba, tano, sufuri, sufuri. Marubani walisikia tano, sufuri, sufuri, sufuri.

Futi 5,000. Yaani zaidi ya futi 300 chini ya ardhi ya uwanja wenyewe.

Rubani msaidizi alirudia agizo kama alivyolisikia. Mwongozaji hakulikamata kosa hilo. Mitambo ikawekwa kwenye futi 5,000 na ndege ikaanza kushuka ndani ya mawingu, kila mmoja ndani ya chumba cha marubani akiwa na hakika kwamba anatii amri. Walipotoka mawinguni waliiona ardhi imewajia. Wakaivuta ndege juu ikiwa imebakisha takriban futi 70 tu kugusa ardhi ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Futi 70 ni kama urefu wa mnazi uliokomaa. Ndege ilipanda tena, ikazunguka, ikatua salama.

Inafaa kukichambua kisa hicho polepole, maana ndani yake kuna karibu kila kitu.

Kwanza, tarakimu. Zote zilizohitajika zilitamkwa. Tano ilikuwepo na sufuri zilikuwepo. Kilichopotea ni saba ya mwanzo. Sikio la mwanadamu halipokei sauti kama kinasa sauti kinavyopokea, bali hukamilisha yenyewe kilichopungua kwa kutumia kile linachotarajia. Mhariri yeyote aliyepita juu ya kosa la chapa mara tano bila kuliona, kwa kuwa akili ilikuwa imekwisha kulisahihisha, anaelewa jambo hili vyema.

Pili, wote wawili walikosea pamoja. Sababu ya kuwa na marubani wawili ni kwamba mmoja akikosea mwingine amsahihishe. Lakini mmoja akishasema jambo kwa sauti ya uhakika, sikio la mwenzake huegemea upande huo huo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kile kizuizi kilichowekwa mahususi kuzuia kosa la aina hii kilikuwepo na kilitumika, lakini hakikufanya kazi.

Kizuizi hicho ni kurudia agizo. Mwongozaji akisema jambo lolote linalohusu usalama, rubani sharti alirudie neno kwa neno pamoja na jina la ndege yake. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ni lazima kurudia ruhusa ya kupaa, kutua, kuingia au kuvuka njia ya ndege, kimo, mwelekeo, kasi, na kipimo cha hewa kinachowekwa kwenye saa ya kimo. Kisha mwongozaji naye ana wajibu wa kusikiliza marudio hayo na kuyalinganisha na alichosema. Mduara hujifunga hapo tu.

Nusu hiyo ya pili ndiyo dhaifu. Mtu aliyekwisha kutoa agizo huona amemaliza. Akili yake tayari iko kwa ndege inayofuata. Anayasikia marudio kama mtu anavyosikia "alaa kumbe" ya mwenzake katika simu, yaani sauti ya kuthibitisha kwamba laini haijakatika, basi. Ikiwa ndege zinazomngoja ni nyingi na mwongozaji ni mmoja, kosa la tarakimu moja hupita kama maji kwenye wavu.

Kosa linalofanana na hilo lilijirudia Malaysia mnamo Februari 19, 1989. Ndege ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa ikielekea Kuala Lumpur. Mwongozaji aliiambia ishuke hadi futi 2,400, akitamka mbili, nne, sufuri, sufuri. Kwa Kiingereza, "two" ambayo ni mbili na "to" ambayo ni kihusishi cha "hadi" hutamkwa sawasawa. Marubani wakaelewa "hadi nne, sufuri, sufuri", yaani futi 400. Mara hii hapakuwa na futi 70 za kuwaokoa. Ndege iligonga kilima na wote wanne waliokuwemo wakafa.

Msomaji ataona kwamba vilima vinajitokeza sana katika habari hizi. Uwanja wa Ukunda uko takriban futi 100 tu juu ya bahari, lakini magharibi yake vilima vya Shimba huinuka zaidi ya mita 400, na asubuhi nyingi za masika huvaa mawingu. Vilevile uwanja huo hauko peke yake. Kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 30 tu kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, ambako ndege kubwa kutoka Ulaya na Nairobi hushuka na kupanda. Mtu anayevuka kwa feri ya Likoni huiona safari hiyo kuwa ndefu. Kwa ndege ni dakika chache. Kimo ambacho rubani wa ndege ndogo anapewa akitoka Diani kina maana mbili kwa wakati mmoja: kimtenganishe na kilima chini yake, na kimtenganishe na ndege nyingine juu yake.

Redio yenyewe nayo ina tabia zake. Tofauti na simu, ambapo watu wawili wanaweza kusema na kusikia kwa pamoja, redio ya ndege humruhusu mmoja tu kusema kwa wakati mmoja. Anayebonyeza swichi ili aseme huwa kiziwi mpaka aiachilie. Wawili wakibonyeza pamoja, wengine husikia mluzi mkali badala ya maneno. Mluzi huo si hitilafu tu. Wahandisi waliendelea na aina hiyo ya mawimbi, ambayo redio nyingi za muziki zimeiacha, kwa kuwa katika aina mpya sauti yenye nguvu huifunika kabisa ile dhaifu na hakuna anayejua kwamba kuna mtu alijaribu kusema. Mluzi, angalau, ni ishara kwamba kuna neno limepotea.

Mawimbi hayo aidha husafiri moja kwa moja, hayapindi. Ndege ikiwa chini na kilima kikiwa kati yake na mnara, sauti hukwaruza au hupotea kabisa.

Mluzi wa namna hiyo ulichangia ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga. Ilitokea Machi 27, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa katika njia moja ya kurukia huku ukungu umetanda. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwa Kiingereza chenye lafudhi ya muundo wa Kidachi kwamba "sasa tuko katika kupaa". Alimaanisha wameanza kukimbia. Mwongozaji alielewa kwamba wapo mahali pa kupaia, wanangoja. Akajibu "OK", kisha akaendelea kuwaambia wasubiri mpaka atakapowaita. Wakati huo huo rubani wa Pan Am, akihofia, akasema kwamba wao bado wako njiani.

Sauti mbili zikagongana. Ndani ya KLM kilichosikika vizuri ni ile "OK". Watu 583 walikufa.

Kutokana na msiba huo kanuni ilibadilishwa. Siku hizi neno la Kiingereza la kupaa, "take-off", halitamkwi redioni ila katika mahali pawili: pale ruhusa yenyewe ya kupaa inapotolewa, na pale inapofutwa. Kwingineko kote marubani na waongozaji hutumia neno "departure", yaani kuondoka. Na "OK" imekuwa kama tusi. Badala yake kuna msamiati maalumu ambao kila neno lake lina maana moja tu. "Roger" humaanisha nimepokea ujumbe wako wote, wala haimaanishi ndiyo. "Wilco" humaanisha nimeelewa na nitatekeleza.

Ndiyo na hapana zenyewe zimeondolewa, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuieleza sababu kuliko wengi. Ukimuuliza Mdigo wa Msambweni, "Hujaruhusiwa kupaa?" naye akajibu "Ndiyo", amekubaliana nawe kwamba hajaruhusiwa. Mwingereza akiulizwa swali hilo hilo kwa lugha yake na kujibu "yes", huenda akaeleweka kwamba ameruhusiwa. Jibu moja, maana mbili zinazopingana, na kati yake kuna njia ya ndege iliyo tupu au isiyo tupu. Hivyo angani husemwa "affirm" au "negative", na mwongozaji mwenye busara haulizi kamwe swali kwa namna ya kukanusha.

Tarakimu zilifanyiwa ukarabati pia. Tatu ya Kiingereza hutamkwa "tri", tano huwa "faif", tisa huwa "naina" ili isifanane na tano wala na neno la Kijerumani la hapana. Herufi zilipewa majina, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, na Alfa kwa makusudi huandikwa kwa f ili asiyejua Kiingereza asije akaitamka "alpa". Mpangilio huo umetumika tangu mwaka wa 1956.

Lakini hakuna msamiati utakaomsaidia asiyetaka kulitamka neno lenyewe. Mnamo Januari 25, 1990, ndege ya Avianca ya Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Marubani waliomba kipaumbele, wakasema mafuta yanakwisha. Hawakutamka kwamba wana dharura, neno ambalo lingewalazimu waongozaji kusafisha njia mara moja. Kwa waongozaji, ndege yenye mafuta machache jioni ile haikuwa jambo la kushangaza. Injini zilizimika moja baada ya nyingine na watu 73 kati ya 158 wakafa. Mtu aliyelelewa Pwani, mahali ambapo kulalamika kwa sauti ni utovu wa adabu na ombi huanza kwa samahani, hatapata shida kuelewa jinsi marubani wale walivyosema kwa upole jambo lililohitaji kupigiwa kelele.

Heshima hiyo hutenda kazi ndani ya chumba cha marubani vilevile. Wakenya walilipata funzo hilo kwa uchungu Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, KQ507, ilipoanguka Douala, Cameroon, na kuua wote 114. Ilikuwa usiku wa manane, dhoruba imechelewesha safari. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka wa 2010 ilieleza kwamba ndege ilipaa bila idhini ya mnara. Muda mfupi baadaye rubani mkuu alitamka maneno ya kuagiza mtambo wa kujiendesha uwashwe. Msaidizi wake hakujibu. Mtambo haukuwashwa. Ndege ikaanza kuinama upande wa kulia taratibu, gizani, bila yeyote kuishika kikamilifu, kila mmoja pengine akidhani mwingine au mtambo ndio unaoiendesha.

Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52, msaidizi wake 23. Ripoti ilitaja ukosefu wa ushirikiano kati yao kuwa miongoni mwa sababu za ajali. Agizo lisilorudiwa si agizo, iwe limetoka mnarani au limetoka kiti cha kushoto.

Kuna jambo jingine la Douala ambalo wakazi wa Gazi na Vanga wataliona kwa macho ya ndani. Ndege ilikuwa imelala katika kinamasi cha mikoko, chini ya kilomita sita kutoka mwisho wa njia iliyopaia. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya saa 40 kuipata, maana watafutaji walielekezwa kwanza kusini, mbali sana na hapo. Anayejua jinsi mikoko inavyofunika hatashangaa.

Ndege nyingine iliyowahusu watu wa Diani moja kwa moja ni ile ya Safarilink, nambari 053, iliyoondoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, mnamo Machi 5, 2024. Ilikuwa ikija huku kwetu ikiwa na watu 44. Punde baada ya kupaa abiria walisikia kishindo. Ilikuwa imegongana na Cessna 172 ya chuo cha urubani. Ile kubwa, aina ya Dash 8, ilirejea Wilson salama. Wawili waliokuwa katika ndege ndogo walikufa, na mabaki yakaangukia katika mbuga ile ile ya Nairobi iliyonusurika mwaka wa 1974.

Wilson ni mahali ambapo wanafunzi wa urubani na ndege za abiria hutumia anga moja na masafa mamoja ya redio. Masafa hayo ni kama baraza. Kila aliyepo husikia kila kinachosemwa, na rubani mzoefu hujenga picha ya anga kichwani mwake kwa kusikiliza maagizo yasiyomhusu: nani yuko wapi, nani anakuja, nani anaondoka. Baraza likijaa mno, wasemaji huanza kufupisha, hudokoa maneno, huacha kutaja jina kamili la ndege. Majina nayo hukaribiana, maana ndege zote za Kenya huanza kwa 5Y na mara nyingi hufupishwa kwa herufi za mwisho. Rubani mmoja akajibu agizo la mwenzake, na pasipo mwongozaji kulitambua hilo, ndege mbili hufuata agizo moja.

Majirani zetu wa Tanzania wana kisa chao, nacho kilimalizika kwa picha za kuchekesha kuliko za kusikitisha. Desemba 18, 2013, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 iliyokuwa iende Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ilitua katika uwanja mdogo wa Arusha, wenye njia ya takriban mita 1,600 pekee. Kule Kilimanjaro ndege ndogo ilikuwa imekwama njiani na marubani walikuwa wameelezwa hivyo. Magurudumu yalisimama majanini na abiria wakakaa ndani muda mrefu, kwa kuwa uwanja haukuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege kubwa kiasi hicho.

Mwaka wa 2024 ulileta sura nyingine kabisa. Katika anga ya Pembe ya Afrika, marubani walijikuta wakipewa maelekezo yanayopingana na vituo viwili, kimoja cha Mogadishu na kingine cha Hargeisa, kila kimoja kikidai mamlaka juu ya anga hiyo hiyo. Hapo sikio halina kosa. Rubani alisikia vyema, tena mara mbili.

Kuhusu lugha, ICAO ilipitisha mwaka wa 2003 kwamba rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa sharti wapimwe uwezo wa kuzungumza na kusikia Kiingereza, na wafikie angalau daraja la nne kati ya sita. Kanuni hiyo ilianza kutumika Machi 2008. Wengi hudhani mtihani huu unawalenga Waafrika na Waasia. Ukweli ni kwamba Mwingereza na Mmarekani nao hulaumiwa, kwa kusema haraka na kutumia misemo ya nyumbani kwao ambayo haimo katika kamusi ya anga. Mkenya anayesema Kiingereza polepole na kwa mpangilio huwa mwepesi kueleweka kuliko wao.

Yapo pia mambo ya kufanya redio inaponyamaza kabisa. Rubani huweka nambari 7600 katika kifaa chake cha kujitambulisha, nayo huonekana kwenye skrini ya rada kuwa ndege hii imepoteza mawasiliano. Akikaribia uwanja, mnara humwashia taa: kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyokatika ni kuwapisha wengine na kuendelea kuzunguka. Katika safari ndefu za baharini, maagizo mengi sasa huandikwa na kutumwa kama ujumbe mfupi wa simu, na saba haiwezi tena kumezwa na hewa. Lakini ujumbe wa maandishi haufai ndege inapokuwa karibu na ardhi. Hakuna muda wa kusoma. Huko chini sauti ndiyo inayotawala bado.

Abiria wa Caravan inayotoka Ukunda huketi karibu sana na rubani, wakati mwingine kando yake kabisa, jambo lisilowezekana katika ndege kubwa. Tangu mwaka wa 1981 sheria ya Marekani imewakataza marubani wa mashirika ya ndege kuzungumza lolote lisilohusu kazi wakiwa chini ya futi 10,000 wakati wa kupaa na kutua, na utaratibu huo umeenea kwingi duniani. Ukimwona rubani ameinua kidole kukuzuia kusema huku ameinamisha kichwa kidogo, hakukasirika. Kuna tarakimu zinakuja sikioni mwake, naye anataka kuzirudia kama zilivyotamkwa. Swali lako kuhusu tembo wa Shimba atalijibu ndege ikishatulia juu.